Alhamisi za Kutoa Ulimi

Alhamisi, 10 Aprili

Daftari hili ni la mradi. Tumeambiwa tuandike kila siku tulichokula na tulichokunywa, na kama ulimi unauma, basi. Mimi nimeishia darasa la sita, lakini nimefika Lusaka, Lubumbashi na Mombasa nikiwa utingo wa malori, kwa hiyo sioni kwa nini niandike maharage peke yake.

Leo: chai ya rangi, mihogo, bada la unga wa muhogo na mchuzi wa papa. Tambuu tatu.

Habari yenyewe ni hii. Mke wangu Mwamvua anasokota kamba za usumba kwenye kikundi chao hapa Tanga, Chumbageni, mwaka wa ishirini na mbili huu. Makumbi ya nazi yamemla vidole mpaka vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Kila akienda kusajili laini ya simu anaweka dole gumba kwenye kimashine, kimashine kinasema jaribu tena. Kidole cha pili, jaribu tena. Vyote kumi. Mara ya mwisho binti wa kusajili alimwambia, "Mama, kwa mashine hii wewe haupo." Ikabidi laini yake iandikwe kwa jina langu. Dole gumba langu, pamoja na grisi yote ya baiskeli, lilisoma mara moja. Fundi ni fundi.

Sasa wamekuja watu wa chuo na kisanduku cha kupiga picha ulimi. Wanasema ulimi wa mtu haufanani na wa mwingine, hata mapacha: upana wake, mipasuko yake, vipele vyake, ukingo wake. Na kwa kuwa umekaa ndani ya mdomo, makumbi hayaufikii. Unapigwa picha Alhamisi nane mfululizo, ya kwanza leo. Mashine ikikutambua zote nane, unasajiliwa laini kwa jina lako mwenyewe, kwa ulimi, kidole hakiulizwi. Mwamvua ni namba kumi na saba. Waume tumeruhusiwa, nami nimejiandikisha, namba thelathini na moja. Nimewaambia nataka kusaidia sayansi.

Sayansi gani. Nimemwona mwenye mradi. Anaitwa Mudathir, shati jeupe, na meno yote anayo.

Ijumaa, 11 Aprili

Chai, vitumbua vinne, wali. Tambuu mbili. Mvua.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Masika kazi ya baiskeli ni minyororo tu, yote imeshika kutu. Bada tena.

Mwamvua amesimama mbele ya kioo anautazama ulimi wake, namhesabia dakika kumi. Nikamuuliza, "Mama Shadya, umepotelewa na nini humo?"

"Mudathir kasema nina mfereji katikati, na mifereji midogo inaingia pembeni kama mito. Naitafuta hiyo mito."

Miaka ishirini na sita ya ndoa. Huo ulimi umenituma sokoni, umenisema, umenichekesha, umemkaripia Shadya mpaka akaolewa akahamia Mombasa. Sikuwahi kuambiwa una mito.

Alhamisi, 17 Aprili

Chai, mkate wa ajemi, maharage. Tambuu nne, na hizo ndizo zilizoniponza.

Tulipanga foleni kwenye kibanda cha kikundi. Kisanduku kimewekwa juu ya meza, kina taa ndani na mahali pa kuegeshea kidevu. Mudathir anavaa glavu. Anasema, "Karibu, mama. Kidevu hapa. Toa ulimi. Ongeza kidogo. Hapo hapo, usitikisike." Na kidevu kikikaa upande anakisogeza kwa vidole viwili. Kidevu cha mke wangu! Mimi mwenyewe kukishika huwa naomba ruhusa.

Mwamvua alipomaliza, yule bwana akasema mbele ya kila mtu, "Namba kumi na saba, ulimi wako ndio bora tulionao. Mashine inakujua kwa sekunde moja." Mwamvua akajifunika mdomo kwa kanga akacheka. Hicho kicheko nakijua. Mara ya mwisho nilikisikia mimi nikiwa na kiuno.

Ikafika zamu yangu. "Shikamoo, mzee," akaniambia. Mzee! Nina miaka hamsini na minne. Nikatoa ulimi wote, nataka aone mwanamume. Mashine ikalia mara mbili kama mbuzi.

"Mzee, umekula nini?"

"Tambuu. Watu wa hapa ndivyo tulivyo."

"Wekundu wake umefunika mipasuko. Na chokaa na popoo zimeukwaruza ulimi juu. Wiki iliyopita ulikuwa na ulimi mwingine, leo una mwingine. Mashine haijui ni wewe."

Jirani yetu Sabra, anayesokota na Mwamvua, akadakia kutoka nyuma: "Shemeji! Ulimi uliofika Lubumbashi umekataliwa Chumbageni!"

Walicheka wote. Mwamvua naye. Mudathir hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema niendelee kuandika chakula changu, kitawasaidia kulinganisha.

Ijumaa, 18 Aprili

Naandika hili kwa urefu kwa sababu limeniuma.

Mimi na Mwamvua, tangu wiki ya kwanza ya ndoa, tukishaswali alasiri tunakaa barazani na kisahani. Mimi ndiye mwenye mkono. Nalifuta jani, nalipaka chokaa kidogo kwa ncha ya kidole, naweka katu, nakata popoo jembamba, nakunja pembe tatu, namtia mdomoni. Halafu nakunja yangu. Tumegombana miaka hii yote, tumezika wazazi, lakini hata siku tuliyonuniana kisahani kilitolewa.

Leo nimekunja yake, nimenyoosha mkono, akaushika mkono wangu akaurudisha taratibu.

"Mpaka Alhamisi nane zipite, Baba Shadya."

"Moja tu?"

"Wewe uliona mashine ilivyokulilia."

Nikazila zote mbili. Ya kwake ilikuwa chungu.

Jumanne, 22 Aprili

Mihogo. Mvua. Wamewapa wanawake miswaki midogo ya kusugulia ulimi. Mke wangu anausugua alfajiri akiimba.

Alhamisi, 24 Aprili

Ya tatu. Ametambulika. Mimi nilikwenda kumsindikiza tu, ati barabara ina tope.

Jumamosi, 26 Aprili

Chai, viazi. Jina la Mudathir limetajwa nyumbani mara saba kabla sijamaliza kikombe. Mudathir kasema tule matunda. Mudathir kasema pilipili inavimbisha vipele. Nikauliza, "Na Mudathir kasemaje kuhusu mume?" Akajibu, "Hilo halimo kwenye mradi."

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, lakini ndimi hazina sikukuu. Ya nne, ametambulika.

Jumatatu, 5 Mei

Leo Mudathir kaja karakana kwangu Ngamiani, yeye mwenyewe, anakokota baiskeli ya kukodi. Pancha. Jirani yangu wa karakana ni Hosea, Msambaa anayeuza kabichi na karoti, naye nilishamweleza kila kitu. Akanikonyeza mpaka nikaogopa jicho litabaki hivyo hivyo.

Nikamtazama Mudathir wakati naloweka tyubu kwenye beseni. Pete hana. Viatu vimepigwa rangi, katika masika! Nikamuuliza kama ana familia. Akasema mama yake alikuwa anabangua korosho Mtwara, maji ya maganda yakamla vidole, mpaka anafariki mashine hazikumsoma hata siku moja. Nikalisogeza benchi akae. Halafu nikakumbuka kidevu, nikalirudisha.

Nilitaka kumzibia vibaya, ipasuke akifika Raskazone. Wallahi nilitaka. Mkono ukakataa. Nikaisugua tyubu vizuri, nikabandika kiraka cha kufia nacho.

"Umeshindwa hata kumharibia pancha," akasema Hosea mgeni alipoondoka. "Bwana Safari, wewe huna wivu, una kelele."

Angejua.

Alhamisi, 8 Mei

Ya tano.

Alhamisi, 15 Mei

Ya sita. Mvua imekatisha umeme, wakangoja saa mbili. Nimekuta wamekaa kibandani Mudathir na wanawake kumi na wawili, anawafundisha wimbo wa shule. Mke wangu anaimba sauti ya pili. Sikujua kama ana sauti ya pili.

Jumanne, 20 Mei

Wali, dagaa. Tambuu sita.

Leo nimekufa katikati ya Ngamiani, mchana, watu wakitazama.

Tulikuwa tunatoka sokoni mimi na Mwamvua, mvua imetulia, watu wametoka wengi. Mbele yetu anakuja Mudathir na mfuko wa ndizi. Mwamvua akatabasamu, akasema, "Habari za mchana, mwalimu." Yule bwana akamtazama kama unavyotazama mlango wa jirani. "Nzuri, mama," akapita!

Kwanza nilifurahi. Halafu nikakasirika. Mwanamke umemshika kidevu mara sita humjui? Mwamvua uso ulimshuka. Akasimama, akamwita, "We Mudathir!" Kijana akageuka. Na hapo, mbele ya muuza madafu, mbele ya mashehe wawili wanaotoka msikitini, mbele ya mwendesha bodaboda anayenijua, mke wangu akatoa ulimi nje wote.

"Namba kumi na saba!" yule bwana akapiga kelele, akaangusha ndizi. "Mama, nisamehe! Mimi nyuso nasahau, hata za ndugu zangu. Ndimi sisahau!"

Wakacheka wote wawili mpaka machozi. Mwenye bodaboda akacheka. Shehe mmoja nilimwona anajizuia.

Njiani nikamwambia, "Umenidhalilisha." Akasema, "Yeye akisikia kumi na saba anajua ni mimi. Mwaka mzima kwenye simu mimi ni Safari. Mtu akinitumia hata vocha, linatokea jina la Safari. Acha nijulikane japo kwa ulimi." Nikamwambia jina langu si baya. Akasema, "Ni zuri, ila si langu."

Nilikuwa bado nauona ule ulimi hapo hadharani, na mito yake. Mimi naishi naye nyumba moja na nimeiona leo, pamoja na muuza madafu.

Alhamisi, 22 Mei

Ya saba. Imebaki moja.

Jumatano, 28 Mei

Chai, bada, kisamvu. Tambuu mbili, yake na yangu. Nilimbembeleza alasiri nzima, nikamwambia nimeishi kama mjane, tule moja tu kama zamani, usiku utasugua, kesho haitaonekana. Akanihurumia. Akafungua mdomo.

Chokaa ilizidi kidogo. Mkono uliteleza.

Alhamisi, 29 Mei

Mashine imemkataa.

Nilikuwepo. Alifika mdomo umefungwa, hajaongea tangu asubuhi. Aliweka kidevu, akatoa ulimi, na mimi niliyesimama mlangoni niliona: katikati kumebabuka, kumekuwa kweupe, pembeni pamevimba. Mfereji hauonekani. Mashine ikalia mara mbili. Mudathir akafuta kioo, akajaribu tena. Mara mbili. Akajaribu ya tatu, akiwa amejiinamia, na nikaona anaumia yeye kuliko mashine.

"Mama, umekula nini jana?"

Mwamvua alijua. Alijua tangu jana, ilipomchoma alitema na kunitazama. Sasa akanitazama tena, hapo mbele ya wenzake wote, Sabra, wote, na neno lake moja tu lingenimaliza mjini hapa.

"Sijala kitu," akasema. "Nadhani chai ilikuwa ya moto."

Akafunga kanga yake akatoka. Wenzake kumi na mmoja wakasajiliwa, wanapiga vigelegele. Yeye alikuwa anakwenda mbele yangu kwenye mvua wala hakugeuka kuona kama namfuata.

Sikula.

Ijumaa, 30 Mei

Ameondoka na gari la asubuhi kwenda kwa dada yake Pangani. Nikamwambia, "Umesahau simu." Maneno yanamtoka kwa shida, ulimi unamuuma. Akasema, "Sijasahau. Ni yako. Ina jina lako."

Jumamosi, 31 Mei

Leo watu wa mradi walikuwa wanafungasha. Hosea ndiye aliyenisukuma bila kujua. Alisema tu, "Kesho yule mshindani wako anarudi Dar, ufurahi sasa," nikajikuta nimepanda baiskeli kwenye mvua, sina hata kofia, mpaka Chumbageni.

Kibandani walikuwepo wanawake wanane hivi, wanasokota. Mudathir amepiga magoti anafunga kisanduku. Mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kumshawishi askari wa mpakani Horohoro aliyekuwa amefura, akatukaribisha chai. Leo sikupata neno hata moja la mbele, nikaanza na la nyuma.

"Haikuwa chai," nikasema.

"Shikamoo, mzee. Nini haikuwa chai?"

"Usiniamkie. Mimi ndiye niliyemuunguza namba kumi na saba. Nilimtilia chokaa kwenye tambuu, mara tatu ya kawaida. Nilitaka ukatae kumjua."

Gurudumu la kusokotea likasimama. Sabra akaiweka chini kamba yake. "Shemeji," akasema, polepole, hakuna utani ndani yake, "yule alikufichia aibu mbele yetu."

"Najua."

"Na wewe unajiita mwanamume wa kusafiri."

"Najua, Sabra."

Nilingoja Mudathir anipige. Ningempa shavu. Lakini alikaa tu pale chini, akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Kwani mimi nilimkosea nini mama?"

Nikamwambia, "Hukumkosea. Ulimwambia ana mito. Mimi sikuwahi."

Akafikiri. Akasema ulimi unapona upesi, wiki mbili ukiachwa utarudi na mipasuko yake ile ile, kwa sababu chokaa imechubua juu tu. Kanuni za mradi zinaruhusu kurudia mara moja kama kuna jeraha lenye maelezo ya maandishi. Maandishi ya aliyesababisha. Atabaki Tanga mpaka tarehe kumi na mbili ipite.

Basi haya ndiyo maandishi. Mimi Safari Mwinyikai, fundi baiskeli wa Ngamiani, Jumatano tarehe 28 Mei nilimtilia mke wangu chokaa nyingi kwa makusudi. Niliandika kwamba mkono uliteleza. Haukuteleza. Mkono wangu hauna tabia hiyo.

Kaupiga picha ukurasa, akanirudishia daftari. Nimemtuma Sabra Pangani apeleke habari, maana mimi kule mlango sina.

Jumapili, 1 Juni

Mkate mkavu. Sabra amerudi. Nikamuuliza, "Kasemaje?" Akasema, "Kasema atakuja tarehe kumi na mbili." Nikauliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe hukutajwa."

Jumatano, 4 Juni

Mvua kidogo. Tambuu hakuna. Nimekitazama kisahani nikakifunika.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nimetoka kuswali nimerudi, nyumba tupu. Shadya kapiga kutoka Mombasa: "Baba, mpe mama simu." Nikamwambia yuko Pangani kwa mama mkubwa. "Siku ya Idi?" Nikasema ndiyo. Mtoto wangu hajazaliwa jana. Akasema, "Baba, umefanya nini?" Nikamweleza yote. Akalia. Halafu, kama mama yake alivyo, akaniuliza nimekula nini. Hosea, Mlutheri wa watu, ndiye aliyeniletea pilau ya Idi.

Alhamisi, 12 Juni

Chai. Asubuhi manyunyu, halafu jua la kwanza la maana tangu Aprili.

Sikuingia. Nilisimama nje chini ya ukingo wa bati, kwenye matone, karibu na dirisha. Nilimwona akifika na Sabra, hakunitazama. Nikasikia, "Karibu, mama. Kidevu hapa." Na safari hii, nasema kweli, niliomba akishike hicho kidevu, akiweke sawa sawa, asikosee hata unywele.

Nikahesabu mpaka tisa.

Mashine ikalia mara moja.

"Namba kumi na saba," Mudathir akasoma kwa sauti ya mtangazaji. "Mwamvua Mbaruku Kombo. Ametambulika."

Vigelegele vilivyotoka humo vimesikika bandarini. Mimi huku nje nimejiziba mdomo kwa mikono miwili kama bibi harusi.

Alipotoka nilikuwa na simu yake, nimeichaji, nimeifuta. Nikamnyooshea. Akaipokea, akafungua nyuma kwa kucha, akaitoa ile laini ya jina langu, akaniwekea kiganjani. Akatia yake mpya.

"Nipe namba, Mama Shadya," nikasema.

"Nitakupigia."

"Lini?"

Akanitazama miguuni mpaka kichwani. "Umelowa, Baba Shadya. Nenda kabadilishe shati." Akapanda gari la Pangani.

Ijumaa, 13 Juni

Simu imelia mara tatu. Hosea mara mbili, ananijaribu. Ya tatu mtu amekosea namba; nilimshikilia dakika tano.

Jumamosi, 14 Juni

Haikulia. Sabra anayo namba, nimemwona anaongea naye na kucheka. Sikumwomba. Kumwomba nilitamani mpaka meno yakauma. Mudathir ameondoka leo, kapita kuaga. Nimempa pampu ya baiskeli, ile yangu ya Mombasa. Hakunitambua mpaka niliposema.

Jumatatu, 16 Juni

Nilikuwa nimeshika mnyororo. Ikalia. Namba ngeni.

Nikaenda kunawa mikono kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Sijui kwa nini, mtu hanawi ili apokee simu. Ikakatika.

"Piga wewe!" Hosea akaruka na karoti mkononi. "Si namba hiyo umeipata? Piga!"

"Sipigi."

"Wewe una wazimu."

"Kasema atapiga yeye."

Tukaikodolea macho juu ya kiti, wanaume wazima wawili. Ikalia tena.

"Nani mwenzangu?" nikasema.

"Mwamvua Mbaruku." Sauti nzima, ulimi umepona. "Naongea na Safari Mwinyikai, fundi baiskeli?"

"Ndiye."

"Nipo stendi. Nina gunia la nazi kutoka kwa dada, na miguu inaniuma. Njoo na ile baiskeli yenye keria ya chuma."

"Nakuja sasa hivi, Mwamvua."

Jina lake likanitoka lenyewe. Miaka ishirini na sita namwita mama wa mtu.

"Basi usikimbize kwenye tope," akasema. "Nitakungoja."

Naandika nimesimama. Hosea atanilindia karakana.